Dawa ya Saa Mbili

"Pandisha shati, Baba Loveness, nikuchome nikaendelee na mambo mengine."

Mzee Nehemia alikuwa ameketi kwenye benchi la uani, kikombe cha chai mkononi, chai yenyewe imefika nusu. Alisikia kandambili za mkewe zikiburuzika kutoka jikoni, akasikia na ile sahani ya bati ya kuwekea pamba na sindano ikilia. Akakishusha kikombe taratibu.

"Si umeshanichoma, Mama Loveness?"

"Lini?"

"Sasa hivi. Kabla sijanywa chai. Upande wa kulia."

Ruthi alisimama. Huu ulikuwa mwaka wa sita Nehemia haoni kitu, kisukari kilianza na jicho la kushoto kikamalizia la kulia, lakini kimya cha mkewe alikuwa akikijua vizuri. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyetukanwa.

"Nimekuchoma kwa kitu gani? Kwa kidole? Bomba la sindano hili hapa, jipya, ganda nimelichana sasa hivi na wewe unasikia. Kama ningekuwa nimeshakuchoma, bomba lililotumika lingekuwa kwenye kopo la kutupia." Akamshika mkono, akamtikisishia kopo. Lilikuwa tupu kweli. "Na leo ni Jumanne. Jumanne nakuchoma kushoto. Sasa huko kulia umechomwa na nani?"

Kila neno lilishikana na mwenzake. Ruthi alikuwa nesi kwa miaka thelathini na mmoja, mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu. Hata sasa hoja zake zilipangika kama nguo zilizoanikwa vizuri, zimenyooka, hakuna iliyokunjamana. Tatizo ni kwamba kamba yenyewe haikufungwa popote. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nehemia alijipapasa tumbo upande wa kulia. Sindano ile ni nyembamba kama unywele, haiachi alama. Akajiuliza kama aliyoikumbuka ilikuwa ya leo au ya jana. Mtu asiyeona, siku zake hufanana sana. Na mtu wa miaka sabini na minne naye ana yake ya kusahau.

"Unaniona mwendawazimu?" Ruthi aliuliza kwa sauti ya chini.

Nehemia akapandisha shati.

"Yuniti kumi na nne," alisema Ruthi, kama alivyosema kila siku, na mkono wake ulikuwa mwepesi vilevile, hata Nehemia hakusikia sindano inapoingia.

Saa nne Ruthi alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Nehemia alianza kwa kutokwa jasho la baridi mgongoni, kisha midomo ikafa ganzi, kisha vidole vikaanza kumtetemeka. Aliijua hali hiyo. Sukari ilikuwa inashuka.

Akainuka, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka jikoni. Rafu ya pili, kushoto, kopo la sukari. Ndivyo walivyopanga tangu macho yake yafe, na Ruthi mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria: katika nyumba hii hakuna kitu kuhama. Alilishika kopo, akafungua, akachota kwa vidole akatia mdomoni.

Sabuni ya unga.

Alitema, akapapasa kopo la pili, chumvi. La tatu, misumari yake ya zamani, aliyodhani iko chini ya kitanda. Alishuka sakafuni akatambaa mpaka uani, akafika kwenye ukuta unaotenganisha nyumba yao na ya jirani, akapiga matofali kwa fimbo.

"Hafsa! Hafsa, mwanangu!"

Hafsa, mwanamke kijana anayepika vitumbua, aliujua ugonjwa wa mzee, akazunguka kwa mbio na kikombe cha maji ya sukari, akikikoroga njiani. Alimwinua kichwa akamnywesha. Halafu akamlisha kitumbua, kidogo kidogo, kama anamlisha mtoto. Nehemia alihisi mafuta yakimtiririkia kidevuni na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Babu, wallahi umenitisha. Kumetokea nini?"

"Nilichelewa kula," alisema Nehemia.

Ruthi aliporudi alimshika mkono mumewe, akahesabu mapigo ya moyo, akaagiza uji wenye sukari na kuamuru apewe kikombe kingine kila baada ya saa moja mpaka jioni. Alimfokea: "Mtu wa insulini unachelewaje kula? Unataka kunifia?" Kila alichokifanya kilikuwa sahihi. Hapo alikuwa nesi mzima.

"Babu, una bahati ya mke," alisema Hafsa akiondoka.

Nehemia aliitikia kwa kichwa.

Angemwambia nani? Krismasi iliyopita binti yao Loveness, mwalimu huko Dodoma, alimwona mama yake akitia chumvi mara tatu kwenye sufuria moja. Aliongea na baba yake kibarazani. "Mkianza kushindwa, baba, mama nitamchukua mimi. Wewe utakwenda kwa kaka Kristofa Mbeya. Mimi nina chumba kimoja tu cha ziada." Aliongea kwa upole, kama mtu anayepanga safari. Nehemia alikuwa ameishi na Ruthi miaka arobaini na minane. Tangu siku ile, kila Loveness alipopiga simu kuuliza mama anaendeleaje, jibu lilikuwa moja: "Hajambo kabisa. Yuko kanisani."

Akatafuta njia yake. Kila alipochomwa, alilichukua bomba lililotumika kutoka mkononi mwa Ruthi akalitia mfukoni. Ruthi akija mara ya pili na sahani yake, alilitoa akamwonyesha bila kusema neno. Mara ya kwanza Ruthi alilishika, akaligeuza, akasema, "Haya." Akaingia chumbani akafunga mlango, na Nehemia akamsikia akilia kwa pumzi za kukatika, kama mtu anayejizuia asisikike. Mara nne ilitokea hivyo katika wiki mbili. Njia ilifanya kazi. Alijiambia kuwa mambo ameyaweza.

Kulikuwa na jambo moja alilolifikiria na kulisukuma kando. Hafsa alikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu, Asmahani, mwenye ugonjwa wa degedege. Hospitali walimpa dawa ya maji, ya kupimwa kwa bomba dogo lisilo na sindano mpaka mstari wa tatu, kila siku saa mbili asubuhi. Hafsa aliogopa ile mistari. Na kwa nini asiogope, wakati mlango wa pili kuna nesi? Huu ulikuwa mwezi wa pili akimleta mtoto na chupa yake asubuhi, kisha anakwenda kuuza vitumbua njia panda mpaka saa tatu. Mtaa mzima wa Nguvumali ungefanya hivyo hivyo.

Jumatatu iliyofuata alimleta kama kawaida.

"Shikamoo bibi nesi. Shikamoo babu. Dawa yake hii, bado hajanywa."

"Marahaba, mama. Nenda, vitumbua visipoe."

Nehemia alisikia yote kutoka kwenye benchi lake. Ruthi akiitikisa chupa. Mtoto akigoma. Ruthi akimbembeleza, "Meza, mjukuu wangu, meza." Mtoto akakohoa, akalia kidogo, akanyamaza. Redio ya nyumba ya nyuma ikatangaza saa mbili. Nehemia akachukua fimbo akaenda chooni, na kwa miguu yake ile iliyokufa ganzi hakuwa mtu wa haraka. Aliporudi, Asmahani alikuwa kwenye mkeka karibu na benchi, akigongagonga kifuniko cha sufuria, mara ngo, kisha kimya kirefu, kisha ngo.

Ndipo akaisikia chupa ikitikiswa.

"Unafanya nini, Mama Loveness?"

"Nampa mtoto dawa. Saa mbili imepita, Hafsa atanilaumu."

"Umeshampa."

"Nehemia." Hakuwa na kawaida ya kumwita jina lake. "Usianze."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Amekohoa, amelia. Umeshampa."

"Mtoto wa degedege akikosa dozi anaweza kushikwa hapa hapa, mikononi mwangu. Wewe umewahi kumwona mtoto akikakamaa na kutoa povu? Mimi nimewaona. Sitamwacha mtoto wa watu akose dawa kwa sababu wewe umesikia kikohozi."

"Na akinywa mara mbili?"

"Akinywa mara mbili, mtoto mdogo kama huyu, anaweza kulala asiamke. Ndiyo maana napima mimi, hupimi wewe."

Mfukoni hakukuwa na kitu cha kumwonyesha. Bomba la mtoto lilikuwa moja, linaoshwa na kutumika tena. Nehemia aliteremka kwenye benchi kwa magoti. Alipapasa mkeka, akakamata kifuniko, akakamata kiguu kidogo chenye joto, akamvuta Asmahani kifuani na kumfunika mdomo kwa kiganja. Mtoto akapiga kelele ndani ya kiganja chake.

"Mwachie! Unamziba pumzi! Nehemia, mwachie!"

Ruthi alimpiga begani, kisha tena, kwa ngumi. Alimvuta mkono. Alikuwa na nguvu kuliko Nehemia alivyodhani, na katika kuvutana ile harufu ya dawa, tamu kama peremende, ilimjia Nehemia usoni. Chupa ilikuwa karibu. Akautupa mkono wake wa kushoto bila kujua anapiga nini. Kitu kikapaa, kikapasukia kwenye saruji.

"Jamani!" Ilikuwa sauti ya Hafsa mlangoni, vitumbua vimemwishia mapema. Beseni likaanguka. "Babu! Unamfanya nini mwanangu?"

"Amevunja dawa," Ruthi alisema akihema. "Mtoto hajanywa. Nilikuwa nampa, mwenzangu akamrukia kama chizi. Hafsa, mchukue mtoto."

Hafsa alimpokonya. Nehemia alibaki amepiga magoti, mikono mitupu, vipande vya chupa vikiyachoma.

"Babu, dawa ile ni ya hospitali! Nitaipata wapi leo? Nilidhani nimewaachia watu wazima!"

"Ameshakunywa," Nehemia alisema. "Bibi yako anasahau, Hafsa."

"Mwongo," alisema Ruthi.

"Siku ile niliyokuita ukutani nilikudanganya. Sikuchelewa kula. Alinichoma mara mbili. Amekuwa akirudia. Mimi namzuia, wewe hujui, hakuna anayejua. Mnuse mtoto mdomo."

Nehemia alisikia Hafsa akivuta pumzi, mara moja, halafu tena.

"Ananuka dawa," Hafsa alisema polepole. "Mpaka kwenye shingo. Bibi, ananuka dawa."

Kandambili za Ruthi hazikusogea. Nehemia alingoja alie, au amtukane, au aingie chumbani kama alivyozoea. Iliposikika sauti yake ilikuwa kavu, ya kazini.

"Mara moja au mara mbili?"

"Mimi nilisikia mara moja," alisema Nehemia. "Lakini baadaye nilikwenda chooni. Huko sikusikia."

"Basi hakuna anayejua. Niliyekuwepo ni mimi, na mimi sijui." Akageuka. "Hafsa, usisimame hapa kuuliza maswali. Kamata bajaji sasa hivi. Okota kipande chenye karatasi ya dawa, kile pale, uende nacho. Njiani usimwache alale, mchezeshe, mfinye ikibidi. Tazama anavyohema. Ukifika usiseme labda. Waambie amekunywa mara tatu."

"Mara tatu?"

"Sema tatu. Watamwangalia haraka. Nenda!"

Kandambili za Hafsa zilipiga mbio mpaka barabarani. Ikasikika bajaji, kisha haikusikika.

Ruthi alianza kufagia vipande. Alifagia muda mrefu kuliko vipande vilivyokuwepo.

"Wewe nimekuzidishia mara ngapi?"

"Mara moja tu. Nyingine nilikuzuia."

"Ukazuia, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na mtoto wa watu analetwa hapa kila asubuhi, unasikia analetwa." Ufagio ukasimama. "Ungekufa wewe, hayo ni yetu mimi na wewe. Lakini mtoto wa watu, Nehemia?"

Akaendelea kufagia.

Asmahani alilala sana siku ile, chini ya macho ya wauguzi, na keshoye alasiri akaruhusiwa akiwa mzima. Habari hiyo waliisikia kwa mumewe Hafsa, Luqmani, aliyekuja akasimama mlangoni. Hakutoa shikamoo. Katika miaka minane ya ujirani ilikuwa mara ya kwanza.

"Mzee, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mke wangu anawaita bibi na babu," alisema Luqmani, akaondoka.

Mtaa ulijua kabla ya magharibi. Wanawake waliozoea kuita "Nesi!" kutoka barabarani sasa walipita wakisalimu bila kusimama. Mmoja alimtuma binti yake kuchukua kadi ya kliniki aliyoisahau kwao, na yule binti aliipokea dirishani, hakuingia ndani. Kila asubuhi Ruthi aliuliza, "Hafsa mbona hamleti mtoto?" Kila asubuhi Nehemia alimweleza upya, na kila asubuhi Ruthi aliipokea habari ile kama mpya, akakaa kitako. Siku ya tatu Nehemia alishindwa. Alisema, "Amesafiri."

Jioni hiyo alikishika kisimu chake, akabonyeza kile kitufe alichowekewa jina la binti yake, akasema yote.

Loveness alifika kwa basi la Dodoma Ijumaa. Aliongea na baba yake uani, kwa sauti ya kubana meno.

"Ulikuwa tayari kufa ili mama asione haya?"

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo, baba."

"Ulisema utamchukua. Mimi niende Mbeya."

"Kwa sababu nina chumba kimoja! Ulitaka nijenge kingine kwa mate?" Kisha sauti ikamlegea. "Ungeniambia, baba. Ningekuja tukalia wote."

"Mnanijadili kama maiti," ilisema sauti ya Ruthi kutoka mlangoni. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Alikuja akaketi kwenye benchi, ubavu wake ukigusa wa mumewe. "Utanipeleka kwa daktari, najua. Ataniuliza leo siku gani, nitakosea. Ataniambia maneno matatu niyashike, na nitayaachia. Nimewauliza wazee maswali hayo mimi mwenyewe, najua njia hiyo inapokwenda. Lakini mikono yangu bado inajua kazi. Acheni niifundishe mikono ya mtu mwingine kabla haijasahau na yenyewe."

"Mikono ya nani, mama?"

"Ya Hafsa. Anarudi lini safari?"

Loveness alimtazama baba yake. Nehemia alihisi anatazamwa. Akachukua fimbo, akaenda ukutani. Upande wa pili mafuta yalikuwa yakichemka kwenye chuma cha vitumbua.

"Hafsa," aliita. "Ni mimi. Sikuja kujitetea. Bibi yako alikuwa hajui. Mimi nilijua nikakaa kimya. Kosa ni langu, naomba unisamehe."

Mafuta yakaendelea kuchemka. Alidhani hakusikika, akaanza kugeuka.

"Tangu siku ile silali, babu," Hafsa alisema. "Kila mwanangu akisinzia namtikisa. Analia, mimi nashukuru analia."

"Nisamehe."

"Luqmani amekataza nisikanyage huko." Kitumbua kikageuzwa, kikalia. "Lakini hata mimi sijui kupima ile dawa. Wananionyesha haraka haraka, naona haya kuuliza tena. Jana nimempa huku mikono inatetemeka."

"Bibi yako anataka kukufundisha. Utapima wewe, siyo yeye. Ya mtoto, na yangu."

Alikuja Jumamosi, Luqmani akiwa nyuma yake, ambaye hakuketi. Ruthi alifundisha kutwa nzima. Alimfundisha Hafsa kusoma mistari, kutoa hewa, kugongagonga bomba kwa ukucha, kushika nyama ya tumbo kwa vidole viwili. Alirudia jambo moja mara saba, na kwa mwanafunzi mwoga hilo lilikuwa faida. Mwishoni Luqmani mwenyewe alisogea akauliza mstari wa tatu unahesabiwa kutoka wapi. Kabla hajaondoka alisema, "Haya, shikamooni," kwa haraka, akitazama pembeni.

Kisha Ruthi akamwambia Hafsa: "Dawa zote zitakaa kwako. Nikikuambia nipe, usinipe. Nitalia, usinipe. Nitakutukana, maana najijua, na hapo ndipo usinipe kabisa."

Loveness aliondoka Jumapili. Alisema itakuwa hivi mpaka Pasaka, halafu wataona. Hakusema wataona nini. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, na Ruthi akamwuliza kama kuna tatizo kazini.

Jumatatu Hafsa alikuja mapema, mtoto mgongoni, dawa mkononi. Nehemia akapandisha shati. Alisikia bomba likivuta, likigongwa kwa ukucha.

"Wewe nani aliyekupa hiyo?" Ruthi alikuwa ametokea jikoni. "Lete hapa."

"Nachoma mimi, bibi."

"Unachoma wewe kama nani? Umesomea wapi? Hiyo ni dawa ya mume wangu. Lete!"

"Hapana, bibi."

"Mwizi! Baba Loveness, unakaa hapo unamwangalia mwizi? Toka! Toka nyumbani kwangu, muuza vitumbua wewe!"

Hafsa hakujibu. Nehemia alihisi vidole vya baridi vikigusa tumbo lake, vikitetemeka, na pumzi za Hafsa zikimpata kifuani. Ruthi alikuwa akilia sasa, kilio cha wazi, cha mtu aliyenyang'anywa kitu chake mbele ya watu. Nehemia alitaka kusema, mpe, mwache anichome tu, liwalo na liwe. Akauma midomo.

"Choma, Hafsa," alisema.

"Siwezi, babu. Mkono unacheza."

"Shika nyama kwanza!" Ruthi alifoka katikati ya kilio. "Unataka kuchoma hewani? Shika nyama, inua. Vidole viwili! Siyo hivyo, hushoni gunia. Eh. Hapo."

Sindano ikaingia. Safari hii iliuma.

"Usichomoe," alisema Ruthi, akakaribia, sauti bado imejaa machozi. "Hesabu mpaka kumi. Huwezi? Haya, mimi nahesabu. Moja. Mbili. Tatu."

Alihesabu polepole, akivuta kamasi, asiruke hata namba moja, na Hafsa alisubiri mpaka akaambiwa achomoe.